Hoteli mpya ya katikati ya Lubumbashi: vyumba vizuri, ila barza iko wapi?

Wateja wakija kupima nguo wananiuliza kwanza habari za hoteli mpya, nguo baadaye. Basi nijibu mara moja. Vyumba ni vizuri. Godoro ni gumu kiasi cha kufaa mgongo, maji ya moto yanatoka, wafanyakazi wana adabu na wanakusalimia kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Anayetafuta pa kulala tu katikati ya mji alale hapo bila wasiwasi.

Mimi lakini cherehani zangu ziko ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, na hoteli hiyo ninaitazama tangu wanapofagia asubuhi hadi taa za terasi zinapowashwa jioni. Jina lake silitaji, watu wa Lushi, yaani Lubumbashi, wataitambua. Ninachotaka kusema ni juu ya jengo lenyewe na mtaa lilipowekwa. Kwa maoni yangu halijakaa vizuri hapa. Urefu haunisumbui, wala upya. Kinachoniuma kiko chini, kwenye mita nne za kwanza kutoka ardhini, pale ambapo mpita njia anakutana na ukuta.

Kwa asiyeujua mji wetu nieleze kidogo. Katikati ya Lubumbashi palipimwa kwa kamba. Mji ulianzishwa mwaka 1910, wakati Mbelgiji Emile Wangermée anaiongoza Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika, na barabara zikachorwa mraba kwa mraba, zimenyooka na pana. Wenye maduka wa zamani waliojenga kwenye barabara hizo walikuwa na desturi moja nzuri: paa au ghorofa ya kwanza waliivuta mbele, juu ya njia ya waenda kwa miguu, wakaishikilia kwa nguzo. Hiyo ndiyo barza. Unatembea dukani hadi dukani, jua halikupigi, mvua haikupati.

Barza ya jengo letu ina sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na katikati rangi imelika kwa nyayo mpaka kijivu kinaonekana, kama njia ndani ya njia. Nguzo ya pembeni inang'aa kwenye kimo cha bega la mtu aliyekaa, kwa sababu mbadilisha pesa wetu anaegemea pale kila siku na mabunda yake ya franga yamefungwa kwa mpira. Baada yake yuko kijana wa kutengeneza simu, kisha mama wa karanga na ndizi, kisha meza yangu ya kukatia vitambaa, maana ndani hapatoshi. Mvua ya mchana ikianguka, mtaa mzima unakimbilia chini ya barza. Mwanasheria aliyevaa suti atasimama karibu na mtoto wa shule na mtu wa mkokoteni wa mahindi, wote wanangoja. Nusu ya wateja wangu niliwapata hivyo: mtu anakimbia mvua, anaona gauni limetundikwa, anauliza bei.

Sasa ng'ambo. Hoteli ina ghorofa saba, uso mzima ni vioo vya bluu na vibao vya alumini vya kijivu. Chini, kwa urefu wote wa uwanja, kuna ukuta wa mawe meusi yaliyosuguliwa, hauna dirisha. Nyuma ya ukuta huo wameweka chumba cha mazoezi na stoo; niliviona nilipoingia, na chumba cha mazoezi kilikuwa kitupu. Mlango ni mmoja, umepandishwa juu ya ngazi. Mbele yake njia ya miguu imegeuzwa kuwa maegesho ya magari, imezungushiwa mnyororo. Anayetembea kwa miguu anafika kwenye mnyororo, anashuka barabarani katikati ya taksi-basi, anapanda tena mbele kwenye kona. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani anafanya hivyo. Mzee mwenye fimbo anafanya hivyo. Mlinzi hana ubaya, ni kijana wa watu, anasema kwa upole kabisa: "Mama, pole, hapa haiko pa kusimama." Ametumwa. Waliochora jengo ndio waliomweka katika kazi ya kufukuza watu, kwa sababu hawakuacha mahali pa mtu kusimama.

Hapa najua kuna atakayesema: mama, hizo barza unazozililia ni kazi ya wakoloni. Ni kweli, na sitaki kulificha jambo hilo. Mji huu wa katikati ulijengwa uwe wa Wazungu. Watu weusi waliwekwa upande mwingine, kwenye cité Albert iliyofunguliwa mwaka 1921, ambayo leo ndiyo Kamalondo, na kati ya pande hizo mbili wakaacha ukanda mtupu ili tusikaribiane. Usiku, mtu mweusi asiye na karatasi hakuruhusiwa kuonekana huku. Bibi yangu mzaa baba alifua nguo katika nyumba za mtaa huu huu, na jioni alitakiwa awe ameondoka. Kwa hiyo ninaposema barza ni yetu, nasema kwa kujua ilivyokuwa yetu: tuliingia baada ya uhuru, tukaweka meza, tukaweka cherehani, tukauza, tukangoja mvua pamoja. Paa lililojengwa kwa ajili ya wachache sasa linawafunika wote. Ndiyo maana mnyororo ule unaniuma. Hoteli ya leo, ya pesa za leo, ya watu wetu, imerudisha mpaka kwenye njia ambayo ilikuwa imeshafunguka.

Turudi kwenye jengo, maana kuna mambo mengine mawili yanayotokana na kuchora bila kuutazama mji. La kwanza ni jua.

Uso wa hoteli unatazama magharibi. Saa tisa alasiri jua linavuka paa letu, linavipiga vile vioo vya juu, na vioo vinaturudishia sisi. Zamani alasiri ilikuwa wakati wangu mzuri wa kazi, upande wetu uko kivulini. Siku hizi mwanga unaingia chini ya barza kwa mshazari, unatua kwenye meza, unachoma macho ukitaka kuingiza uzi kwenye sindano. Kitenge cha bluu nilichokitundika mbele kama mfano kimepauka upande mmoja tu, ule wa barabarani. Ukikigeuza unaona mstari kabisa. Nimeweka pazia la turubai. Sasa wateja wanafikiri nimefunga.

Na wageni wenyewe hawafaidiki. Mdogo wangu na mume wake walitoka Kolwezi kwa harusi ya binamu yetu kwenye Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, wakachukua chumba cha mbele, ghorofa ya tano, dola 110 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Ilikuwa Oktoba, mwezi wetu wa joto, kabla mvua hazijatulia. Nilipanda alasiri kumpelekea gauni nimalizie pindo akiwa amelivaa. Tulivyoanza kupima, umeme ukakatika. Jenereta iliwaka haraka, taa zikarudi, lakini kiyoyozi cha chumba kilibaki kimezimwa. Shemeji alipiga simu mapokezi, akaambiwa kwamba jenereta inabeba kwanza lifti, jiko na taa. Sawa, ndivyo ilivyo kwa wengi. Ila kile chumba ni kioo kutoka sakafuni mpaka darini, kinatazama jua linaloshuka, na hakina hata kikingo cha nusu mita juu ya dirisha.

"Yaya, fungua dirisha, nitaloanisha hii satini," mdogo wangu akasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Limeshafunguka. Mwisho wake ni hapo."

Lilifunguka upana wa kiganja. Wamelifunga hivyo kwa usalama, nikaambiwa. Nilipiga magoti kwenye zulia, pini zikiteleza vidoleni kwa jasho, naye amesimama ameinua mikono ili kitambaa kisimguse kwapani. Pindo lile nililifungua tena nyumbani usiku na kulishona upya.

Hebu fikiria. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari. Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya digrii 10, tunalala na mablanketi. Hata Oktoba, mchana ukiwa mkali vipi, jioni hewa inapoa. Mji kama huu hauhitaji kufungiwa ndani ya kioo na kupoozwa kwa mashine mchana kutwa. Unahitaji kivuli na dirisha linalofunguka. Waliojenga hapa miaka ya 1950 walilijua hilo vizuri: tembea mjini utaona maofisi na mashule yenye kuta za matofali ya matundu, upepo unapita, jua linabaki nje, utaona vibao vya saruji vilivyosimamishwa mbele ya madirisha kukata mwanga. Ni ujuzi rahisi na hauna umri. Hoteli mpya ingeweza kuuchukua bila kuonekana ya zamani hata kidogo.

La pili ni maji. Sitalirefusha. Uwanja wa maegesho umeinuliwa na kufunikwa saruji yote, haunywi tone. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, maji ya paa la hoteli yalishuka kwa mabomba, yakapita juu ya maegesho, yakavuka barabara, yakaingia upande wetu. Mfereji wa kwao umefunikwa kwa vigae na matundu yake ni madogo, yameziba majani. Tulinyanyua marobota ya vitambaa kwenye meza. Mama wa karanga alipoteza beseni zima.

Sasa niseme lililo zuri, na nalisema kwa moyo wote, kwa sababu ndilo linalonipa matumaini.

Ukipanda zile ngazi ukaingia ndani, unafika kwenye ukumbi wa mapokezi uliotengenezwa na mtu anayeipenda Katanga. Meza ya mapokezi imevikwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari inayozunguka, na waliikata ili mistari ipokezane kutoka kibao hadi kibao. Ukutani kuna misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya mababu zetu kabla ya pesa ya karatasi, imepangwa mikubwa kwa midogo. Pembeni kuna shaba ya kufuliwa kwa nyundo, kazi ya mafundi wetu wa hapa, inaonyesha wanawake wakitwanga. Na nguzo za ukumbi ni za matofali mekundu ya kuchomwa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa matofali. Alinifundisha kutazama ukuta kabla ya kuusifu. Basi niliusogelea. Viungo vimenyooka, unene wake ni mmoja kutoka chini hadi juu, pembe ni kali. Tofali lenyewe lina ile rangi ya udongo wa vichuguu vya mchwa, udongo ambao kwao Katanga imejengwa tangu mwanzo, na Katedrali ni hivyo hivyo, nyekundu mpaka juu. Niliweka kiganja. Hata mchana ule lilikuwa la baridi.

Nikasimama pale nikajiuliza: kwa nini hili liko ndani? Mgeni aliyelipa dola 110 anaona malakiti, shaba na tofali. Mtu wa Lubumbashi anayepita nje anaona mawe meusi yaliyoletwa kwa meli na vioo vya bluu ambavyo ungevikuta kwenye mji wowote duniani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, kapokelewa vizuri, na mwenyeji ameshushwa barabarani.

Terasi ya juu nayo ni nzuri sana, sina la kupunguza. Unaona bomba refu la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na mlima mweusi wa takataka za shaba pembeni yake, unaona mnara wa Katedrali, reli, na kama ni Oktoba unaona jakaranda zimefanya mitaa mizima kuwa ya zambarau. Chakula ni cha wastani na bei iko juu. Bukari, yaani ugali, lazima uagize mapema, jambo ambalo kwa hoteli ya Lubumbashi si sawa, na michopo, nyama yetu ya kuchoma, wanaikata vipande vidogo vya kupambia sahani. Lakini nenda ukanywe hata maji, utazame mji wako kutoka juu. Kutoka pale pia unaona wazi kosa la jengo: paa zote za zamani zinaelekea barabarani, zinainamia njia, hili peke yake limeigeuzia njia mgongo.

Wengine wananiambia napinga maendeleo. Hapana. Jengo la 30 Juin, lililojengwa mwaka 1956 kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, kazi ya msanifu Claude Strebelle na wenzake, halikufanana na nyumba yoyote ya mji lilipotokea. Lilikuwa la kisasa kupita yote. Leo hakuna anayeweza kuiwaza Lubumbashi bila lile jengo, kwa sababu limeachiwa nafasi mbele na watu wanaweza kulikaribia, kulizunguka, kupiga picha za harusi. Park Hotel, ile ambayo wazee bado wanaiita Léo Deux kwa jina lake la zamani la mfalme Léopold wa Pili, ni hoteli ya katikati ya mji kama hii, na tangu enzi hizo ilijua namna ya kukaa mtaani. Upya haujawahi kuwa tatizo letu. Mji huu ulizaliwa mpya.

Nilienda kuongea na meneja. Ni kijana mwenye heshima, alinipa kiti, akaagiza chai. Nilimweleza jua, maji na mnyororo. Nilimwonyesha kile kitenge. Nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko. Alikigeuza huku na huku, akagusa ule mstari kwa kidole.

"Mama, hapa mjengo umekwisha, siwezi kuubomoa," akasema. "Ila ule wa kona bado tunachimba msingi."

Kwa hiyo kuna mjengo wa pili. Picha yake imebandikwa kwenye mabati ya uzio: vioo vilevile, ukuta uleule mweusi chini. Nikamwambia hilo ndilo la kuongea, wakati bado ni shimo. Rudisheni ghorofa ya chini nyuma mita tatu, msimamishe nguzo za lile tofali lenu zuri, ghorofa ya juu ifunike njia. Chumba cha mazoezi kipelekeni juu, hakuna anayekitafuta kwa kutoka barabarani, na mahali pake wekeni mgahawa wenye mlango wa nje na maduka mawili ya kupangisha. Mtapata kodi kila mwezi, na mtu wa mjini atakuwa na sababu ya kuingia kwenu kunywa kahawa badala ya kuwapita. Upande wa magharibi wekeni vikingo vya jua juu ya kila dirisha, au matofali ya matundu. Mfereji uwe mpana, wenye vifuniko vya kuinuliwa ili usafishwe. Na bomba la moshi wa jenereta lipandishwe hadi paani. Sasa hivi linatemea kwenye kichochoro, usoni mwa anayepita.

Aliandika. Nilimwona akiandika, hata lile la bomba. Akasema ramani iko kwa mwenye mali na wachoraji, na kwamba atawafikishia. Nami nimezungumza na wenzangu wa barza, mbadilisha pesa na wengine, tumeandika barua moja yenye sahihi zetu, nakala moja ya hoteli na nyingine ya ofisi ya meya, kwa sababu njia ya miguu si ya hoteli kuifunga. Mnyororo ungeweza kuondolewa hata kesho, hauhitaji mchoraji.

Mpaka hapo, kwa atakayelala: omba chumba cha nyuma, upande wa mashariki, kuanzia ghorofa ya tatu. Jua la asubuhi ni la upole, jioni chumba kimepoa, na husikii jenereta sana kwa sababu iko upande wa kichochoro. Bei ni ileile. Vyumba vya mbele usivichukue kati ya Septemba na Novemba, hata wakikusifia mandhari, kwani mandhari hayohayo yako kwenye terasi kwa bei ya soda. Kama unakuja na gari, magari manne au matano tu ndiyo yanatosha mbele, mengine yanalala barabarani na mlinzi. Kama unakuja kwa miguu kutoka upande wa Posta, pita upande wetu wa barabara, chini ya barza, kisha uvuke mbele ya mlango.